Kinyama kimeshachukuliwa, majibu bado: ya kufanya mzazi anaposubiri vipimo vya saratani

Neno limeshatamkwa. Daktari amegusa uvimbe kwenye titi la mama, au ameona kidonda kwenye mlango wa kizazi, au PSA ya baba (kipimo cha damu cha tezi dume) imerudi juu, au chakula kimekuwa kikikwama kooni miezi miwili na kamera imeonyesha kwa nini. Amesema inaelekea ni saratani, kinyama kimekatwa kikapimwe maabara, na mmepewa tarehe ya kurudi. Kuanzia hapo hadi tarehe hiyo nyumba nzima inaishi kwa kusikilizia simu.

Mwongozo huu ni wa mtoto anayebeba shughuli hiyo, na umeandikwa kwa kuzifikiria hospitali za Tanzania. Ukiwa Kenya au Uganda, jina la bima litabadilika. Kazi ni ileile. Na kazi ipo. Mara nyingi majibu yanapochelewa, hadubini haina kosa. Sampuli imekaa kabatini kwa kuwa fomu haikujazwa, au ripoti imeshatoka na hakuna aliyeifuata.

Kwanza ujue mnasubiri nini hasa

"Majibu" si kitu kimoja. Kuna majibu ya kinyama, yanayosema kama ni saratani na ni ya aina gani. Kuna vipimo vya ziada vinavyofanywa juu ya kinyama hichohicho, kama ER na PR (vipokezi vya homoni) na HER2 (aina ya protini) kwa saratani ya matiti, vinavyoonyesha dawa ipi itafanya kazi. Halafu kuna picha: ultrasaundi, eksirei ya kifua, CT (picha za ndani za mwili zinazopigwa kwa kompyuta), wakati mwingine kipimo cha mifupa. Hizi ndizo zinazoonyesha ugonjwa umefika wapi. Matibabu hayapangwi mpaka vyote vinavyohitajika vikutane kwenye faili moja. Ndiyo maana familia inaweza kuambiwa "ni saratani" leo, na bado ikakaa wiki kadhaa bila dripu hata moja ya kemo (dawa za kuua seli za saratani). Hawajatelekezwa. Dawa ikianzishwa kabla ya aina na hatua kujulikana, inaweza kuwa si yake kabisa.

Kabla hamjatoka hospitali siku ya kukatwa kinyama, muulize daktari au muuguzi mambo haya na uyaandike papo hapo:

- Sampuli inakwenda maabara ipi: ya hapahapa, au inasafirishwa?
- Namba ya sampuli ni ipi? Namba ya faili la mgonjwa ni kitu kingine.
- Majibu yatarudi kwa nani: kliniki, wodini, au mgonjwa mwenyewe ayafuate?
- Kama ni saratani, vipimo vya ziada vitafanywa moja kwa moja, au vinaombwa na kulipiwa upya?
- Ni vipimo gani vingine tunaweza kuvifanya sasa hivi tukiwa tunasubiri?

Swali la mwisho ndilo linalookoa muda mwingi kuliko yote. Picha nyingi na vipimo vya damu havihitaji kusubiri kinyama, ila mkinyamaza vitapangwa kimoja baada ya kingine.

Safari ya sampuli, na pale inapokwama

Kinyama kikitoka mwilini kinatakiwa kuingia kwenye fomalini ya asilimia 10, kiasi cha fomalini kikiwa kama mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Kazi yake ni kukihifadhi kisioze na kuzifanya seli zibaki na umbo lake. Maabara inakipitisha kwenye kemikali za kukikausha, inakizamisha kwenye nta, inakikata vipande vyembamba vya maikroni tatu hadi tano, inavipaka rangi, kisha daktari wa patholojia anavisoma. Kazi yenyewe ni ya siku chache. Kinachoongeza muda ni foleni, sampuli ya mfupa (lazima ilainishwe kwanza ndipo ikatike), vipimo vya ziada, uhaba wa kemikali, na daktari kutaka mwenzake naye aangalie kabla ya kusaini. Hilo la mwisho, ukilisikia, lipokee vizuri.

Ndugu huwa wanakabidhiwa kichupa wakipeleke maabara wenyewe. Ikiwa ni wewe:

1. Kabla ya kukipokea, soma lebo iliyo kwenye kichupa chenyewe, usiishie kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana. Iwe na majina kamili, umri, namba ya faili, sehemu iliyokatwa (titi la kulia au la kushoto), tarehe na saa.
2. Linganisha na fomu. Jina moja likitofautiana, maabara makini itaikataa sampuli, na itakuwa na haki.
3. Angalia kama fomu imesainiwa na ina maelezo ya ugonjwa. "Uvimbe" peke yake hausaidii. Msomaji wa kinyama anahitaji kujua umekuwepo muda gani na picha zilionyesha nini.
4. Kiweke wima, ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Usikiweke kwenye friza, usikiache juani kwenye dashibodi, na kikivuja usiongeze maji wala spiriti. Kirudishe kiongezewe fomalini.
5. Ukifika, hakikisha kimeandikwa kwenye rejista mbele yako, chukua namba, na uandike jina la aliyekipokea.

Kwa kinyama cha titi saa nazo ni muhimu: kikae kwenye fomalini si chini ya saa 6 na si zaidi ya 72, la sivyo majibu ya ER, PR na HER2 yanaweza kupotosha. Sampuli inayokatwa Ijumaa mchana kwenye hospitali ya wilaya kisha ikasubiri basi la Jumatatu inaukaribia ukingo huo. Uliza mapema.

Ratiba ya kufuatilia tunayoipendekeza ni hii. Siku ya tatu, piga simu au pita maabara kuthibitisha kwamba imepokelewa na haina tatizo la fomu. Kisha acha. Siku iliyoahidiwa, piga asubuhi. Siku tatu zaidi zikipita kimya, nenda mwenyewe na namba ya sampuli mkononi. Kupiga kila siku hakusogezi foleni, na kunamchosha mtu ambaye kesho utamhitaji.

Vipande vya nta vinavyobaki havitupwi. Vinaweza kuhifadhiwa miaka. Mkihamia hospitali nyingine, ombeni nta na vioo vyenyewe pamoja na ripoti, ili kinyama kisomwe upya bila mzazi kukatwa mara ya pili.

Daftari moja, bahasha moja

Nunua daftari la kawaida na bahasha ngumu ya plastiki yenye kifungo. Kila karatasi iingie humo: barua ya rufaa, fomu, risiti, picha, CD ya CT. Piga picha kila karatasi kwa simu siku unayoipokea. Daftarini andika tarehe, mliyemwona, alichosema, na kinachofuata. Ukurasa wa mwisho uwe wa dawa: jina, kipimo, saa. Ziandike za presha na sukari pia, na aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, kwa sababu daktari lazima azijue kabla ya kukata kinyama kingine. Usizisimamishe kwa akili yako.

Sasa hivi, kabla ya lolote, linganisha majina. Kitambulisho cha taifa (NIDA), kadi ya bima, faili la hospitali na barua ya rufaa viseme jina lilelile, kwa mpangilio uleule. Mama aliyeandikwa Mwanaisha kwenye kadi na Asha kwenye faili atakwama dirisha la bima siku ya dripu ya kwanza, na kurekebisha huchukua siku ambazo kwa sasa mnazo.

Yasiyosubiri majibu

Tarehe ya kliniki si sheria. Ukiona mojawapo ya haya, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, uende na bahasha:

- Mgongo unauma upya au kwa nguvu, na miguu inalegea, ina ganzi, au mkojo na choo vinagoma kutoka au vinatoka vyenyewe. Uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na saa chache zinatofautisha atakayetembea na asiyetembea tena.
- Damu nyingi ukeni, kwenye haja, kwa kutapika au kukohoa. Pedi inayojaa ndani ya saa moja ni nyingi.
- Uso na shingo vimevimba, mishipa ya shingo imetuna, pumzi inabana.
- Hawezi kumeza hata mate.
- Mguu mmoja umevimba na unauma, hasa pumzi nayo ikikatika ghafla. Huenda ni damu iliyoganda.
- Kuchanganyikiwa, kiu isiyoisha, choo kigumu na usingizi wa ajabu kwa pamoja. Kalsiamu ikipanda kwenye damu hufanya hivyo, na inatibika.
- Homa na kutetemeka siku chache baada ya kinyama cha tezi dume. Damu kidogo kwenye mkojo baada ya kipimo hicho ni kawaida. Homa si kawaida kamwe.

Maumivu na chakula

Wazee wetu wanaficha maumivu. Swali la "vipi, unaumwa?" litajibiwa "sijambo". Tumia mkono: ngumi ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni yasiyovumilika. Muulize asubuhi na usiku, andika namba daftarini. Namba za siku kumi zitamwambia daktari zaidi ya sentensi yoyote.

Parasetamo ni mahali salama pa kuanzia kwa wengi: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Aliyekonda sana au mwenye tatizo la ini apunguziwe kwa ushauri wa daktari. Angalia pia kwamba dawa ya mafua aliyopewa dukani haina parasetamo ndani, maana hapo ndipo watu huzidisha bila kujua. Diklofenaki, inayouzwa kama peremende, tunaiogopa zaidi: inaumiza figo na tumbo, na figo zake zitahitajika kwa CT yenye dawa (inayochomwa mshipani ili picha ionekane vizuri) na kwa baadhi ya dripu za kemo. Maumivu yakifika vidole vitatu na kubaki hapo, rudini mkaombe dawa ya nguvu zaidi, hata kama majibu bado. Mofini ya maji hutolewa kwa mgonjwa mwenye maumivu, anayeendelea na matibabu na asiyeendelea. Familia inayoikataa kwa kudhani ni dawa ya kufia inamwachia mzazi mateso bure. Ila hufunga choo, kwa hiyo muombe dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo.

Chakula. Kuna usemi umeenea kwamba sukari na nyama "vinalisha kansa", na kwa sababu yake wazee wanashindishwa kwa maji ya moto na majani. Mgonjwa hapaswi kukonda kwa makusudi. Kemo hupimwa kwa uzito na urefu, na mgonjwa aliyedhoofu mno huahirishwa. Mpime kila wiki kwenye mizani ileile, hata ya duka la dawa, akiwa na nguo za uzito uleule. Mpe kidogo mara tano au sita kwa siku badala ya sahani tatu kubwa. Katika nusu lita ya uji wa ulezi au mahindi koroga vijiko viwili vya siagi ya karanga na kijiko cha mafuta, au kikombe cha maziwa. Mwenye kisukari aendelee na masharti yake ya kawaida. Anayekwama kumeza apewe vilivyosagwa na kuchujwa, akae wima akila na nusu saa baada ya kula. Akianza kukwama hata kwenye uji, usingoje kliniki.

Dawa za kienyeji, maana zitaletwa

Zitaletwa, tena na watu wanaowapenda. Majani ya mstafeli, mizizi ya kuchemsha, unga wa chupa wenye picha ya mgonjwa aliyepona. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, na wako walioacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona. Hatukuambii ugombane na shangazi. Pokea, shukuru, weka kabatini, sema: "Shangazi, daktari amekataza kitu chochote kipya mpaka vipimo viishe, visije vikasoma vibaya." Na sababu ni ya kweli: baadhi ya dawa hizo hupandisha vipimo vya figo na ini, na kreatinini (kipimo cha damu cha figo) ikipanda, CT na kemo vinasogezwa mbele. Kama ameshakunywa, mwambieni daktari bila aibu. Dua na maombi havina tatizo hilo, mradi visichukue siku ya kliniki.

Nani aambiwe nini

Hapa ndipo familia nyingi huvunjika, kabla hata ugonjwa haujafanya lolote. Kaka mkubwa anasema mama asiambiwe, presha itampanda. Dada anajua, baba hajui, jirani anajua. Mama naye, aliyekatwa kinyama kwenye titi lake mwenyewe, anajua zaidi ya wote ila ananyamaza ili msihuzunike.

Msimamo wetu: mwili ni wake, na aulizwe yeye anataka kujua kiasi gani. Muulize mkiwa wawili, si kwenye kikao. "Mama, majibu yakitoka ungependa daktari akueleze mwenyewe, au aniambie mimi kwanza halafu tuzungumze?" Wako wanaosema "ongeeni ninyi, mimi niambieni cha kufanya". Hiyo ni haki yake pia, iheshimiwe. Akiuliza moja kwa moja "mwanangu, hii ni kansa?", usimdanganye. Sema: "Daktari anaihofia, mama. Ndiyo maana wamepima. Majibu bado, tutayasikia pamoja." Epuka "utapona tu, usijali". Hujui, naye anajua kwamba hujui. Na akisema "nimeshaishi, niacheni", usimkemee. Muulize anaogopa nini hasa. Mara nyingi jibu ni gharama, au kukatwa titi, au kufia mbali na nyumbani, na hayo yanazungumzika.

Kwa ukoo, chagueni msemaji mmoja. Yeye ndiye anayeongea na daktari na kuandika kwenye kundi la WhatsApp, mara moja kwa siku zenye jambo jipya. Ujumbe uwe mfupi: "Shikamooni wazee, habari za jioni ndugu. Mama leo amefanya ultrasaundi, anaendelea vizuri. Majibu ya kinyama tunategemea wiki ijayo. Tukipata tutawaambia. Wageni tunaomba jioni baada ya saa kumi, asipate uchovu." Picha za ripoti zisiwekwe kundini. Zitafika kwa watu msiowajua, na kila mwenye mpwa nesi atazitafsiri kivyake. Mtoto aliye Muscat au Minnesota apewe saa yake ya simu na kazi yake maalumu, kwa kawaida ya fedha, akitumia kupitia mtu mmoja anayeandika matumizi. Aliye mbali huuliza sana kwa sababu haoni. Akipewa kazi hutulia.

Wajukuu waambiwe kwa lugha nyepesi kwamba bibi anaumwa, kwamba saratani haiambukizwi kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja, na kwamba hakuna aliyesababisha. Likizuka suala la kurogwa, likatwe mapema. Likiota mizizi mtatafuta mchawi badala ya tarehe ya kliniki.

Fedha, bima na damu

Nendeni dirisha la bima mkaulize swali moja mahususi: kifurushi chake kinagharamia CT, vipimo vya ziada vya kinyama, kemo na mionzi, na vipi vinahitaji kibali kabla? Jibu la jumla la "inacover" halitoshi. Asiye na bima wala uwezo aende Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya hospitali kabla deni halijaanza, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji na kitambulisho. Sera inawatambua wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza, lakini msamaha haujiandiki wenyewe.

Fikirieni pia mahali pa kufikia. Saratani nyingi hutibiwa kwenye vituo vichache: Ocean Road na Muhimbili kwa Dar es Salaam, Bugando kwa Mwanza, KCMC kwa Moshi. Kemo kwa kawaida hurudiwa kila wiki tatu au karibu na hapo. Mionzi ya mlango wa kizazi ni kama wiki tano, siku tano kila wiki, na mionzi ya ndani huongezwa. Hayo si ya kulala kwenye benchi. Ndugu wa kumpokea atafutwe sasa, aambiwe muda halisi.

Kama kuna kutokwa damu, andaeni wachangiaji wawili au watatu mapema: umri kuanzia miaka 18, uzito wa kilo 50 au zaidi, wawe na afya. Mwanaume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, kwa hiyo msiwamalize wote siku moja.

Siku ya CT

Mnapopewa miadi, uliza asile kwa saa ngapi kabla ya kipimo, na kama maji yanaruhusiwa. Beba majibu ya kreatinini ya karibuni. Taja kisukari, hasa kama anatumia metformini, na pumu, na kama aliwahi kuvimba au kuwashwa baada ya sindano ya picha. Aache nyumbani vidani, bangili na pini za hijabu; vyuma huharibu picha. Beba kanga au sweta kwa sababu chumba kina baridi, na chakula cha baada ya kipimo. Dawa ikiingia mshipani atahisi joto mwilini na kama amejikojolea. Mwambie kabla, asishtuke. Ombeni CD pamoja na ripoti.

Na wewe mwenyewe

Usiku wa saa nane ndio mbaya. Simu isilale kitandani; ukitafuta takwimu za kuishi saa hiyo utakutana na za nchi nyingine, ugonjwa mwingine, miaka ya zamani. Jipangie nusu saa jioni, andika kila hofu daftarini, na pembeni andika ipi ina swali la kumuuliza daktari. Zisizo na swali ziache hapohapo. Omba ruhusa kazini kidogokidogo. Kuimaliza likizo yote wakati wa kusubiri ni kosa, utaihitaji matibabu yakianza. Gawaneni zamu ya kulala na mgonjwa, na binti asiachiwe zamu zote kwa kuwa ni binti. Ukipita wiki mbili hulali, huli, au unawaza kufa, muone daktari kwa ajili yako.

Majibu yakitoka

Nendeni wawili pamoja na mzazi: mmoja asikilize, mwingine aandike. Msikubali kusomewa kwenye korido. Ripoti huwa kwa Kiingereza, na maneno machache huleta vilio visivyo na sababu.

"Grade" si "stage". Gredi, moja hadi tatu, inaeleza seli zinavyoonekana chini ya hadubini. Hatua, moja hadi nne, inaeleza ugonjwa umefika wapi. Ripoti ya kinyama ikisema gredi ya tatu haijasema hatua ya tatu.

"Positive" hapa kwetu limezoeleka kuwa habari mbaya. ER au PR ikiwa "positive" kwa saratani ya titi, maana yake kuna vidonge vya homoni, kama tamoksifeni, vinavyoweza kusaidia. HER2 husomwa 0, 1+, 2+ au 3+. Ya 2+ haijaamua, inahitaji kipimo kingine, na hapo ndipo mtaambiwa msubiri tena. Kwa tezi dume, alama ya Gleason, inayoeleza ukali wa seli, huanzia 6 hadi 10, na hiyo 6 ndiyo ya chini, si katikati. PSA yenyewe hupanda pia kwa maambukizi ya mkojo au mpira wa mkojo, hivyo peke yake haithibitishi saratani.

Kabla hamjainuka, ulizeni: ni aina gani, hatua imejulikana au bado, lengo la matibabu ni kuponya au kudhibiti, kinaanza nini na lini, na nani tumpigie kukiwa na tatizo. Ombeni nakala ya ripoti. Tarehe inayofuata iandikwe kwenye kadi mkiwa bado mko pale. Kurudi nyumbani kodini bajaji au teksi siku hiyo, msimpandishe daladala mbili.

Kuna majibu ya aina mbili ambayo watu hurudi nayo nyumbani na kukosea. La kwanza ni "hayakutosheleza". Sampuli ilikuwa ndogo, ilioza, au ilichukuliwa kwa sindano nyembamba isiyoonyesha mpangilio wa seli. Hilo si jibu zuri wala baya. Panga tarehe ya kurudia siku hiyohiyo, na uulize kama sasa itatumika sindano nene. La pili ni "hakuna saratani", huku uvimbe unakua, kidonda hakifungi au uzito unashuka. Sindano inaweza kupita pembeni ya ugonjwa. Mshukuruni Mungu, kisha rudini kwa daktari aliyeomba kipimo, mmwekee ripoti na picha pamoja mezani, na mumuulize kama kinyama hiki kinaendana na anachokiona kwa macho. Akisema hakiendani, kinakatwa tena.